Kiungo cha kawaida, nofollow, sponsored au cha kununua kimyakimya: kipi kinaifaa tovuti yako?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie ukweli, kile kiungo nilichowekewa kina kazi au hakina?"

Mama huyu ana nyumba ya wageni Tukuyu, vyumba sita, nyuma migomba na mibuni. Msafiri mmoja alilala kwake siku tatu, akapanda Ziwa Ngozi, akaenda kuona Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira. Aliporudi kwao akaandika habari za safari kwenye tovuti yake na kuweka kiungo cha kwenda kwa mama. Furaha ilidumu wiki moja. Kijana mmoja alimfungulia ukurasa ule kwenye kompyuta, akamwonyesha neno nofollow ndani ya msimbo, akamwambia kiungo hicho ni mfu, Google haikioni kabisa. Atoe laki mbili na nusu, awekewe viungo mia tano vilivyo hai.

Nilimwomba asitoe hela mpaka tuonane. Tulikaa barazani kwake kwa muda wa karibu saa tatu, na mengi ya hapa chini ni ya siku ile. Nimeyapanua kwa sababu swali lake naliulizwa na wengi: mwenye kampuni ya kupeleka watalii Ruaha kutoka Iringa mjini, wakulima wa kahawa Mbozi wanaotaka wanunuzi wa nje wawaone, muuza miche ya parachichi Njombe. Wote wana bajeti ndogo, na kila mmoja ameambiwa jambo tofauti.

Kudhamini na kuelekeza

Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipobuni njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa kuangalia nani anamwelekeza nani. Waliandika kuihusu mwaka 1998, mwaka ambao Google ilianzishwa kama kampuni, na wakaiita PageRank. Ukurasa ukiweka kiungo kwenda ukurasa mwingine, umeupa sehemu ya uzito wake. Ukurasa wenye heshima una uzito mkubwa wa kutoa, na uzito huo hugawanywa kwa viungo vilivyomo.

Mwanakikoba hahitaji maelezo marefu hapa. Ukitaka mkopo, lazima upate mdhamini. Akisaini mwenye hisa nyingi na rekodi safi, mambo yanakwenda. Akisaini aliyejiunga juzi, wanakutazama mara mbili. Na aliyekwisha kudhamini watu kumi, saini yake kwako haina nguvu ile ya aliyekudhamini peke yako. Hicho ndicho kiungo cha kawaida.

Sasa chukua mgeni ameshuka Kabwe, hapa Mbeya, akauliza duka lako liko wapi. Mtu akamnyooshea kidole: lile pale, lenye bati la bluu. Hajakudhamini popote, amemwelekeza tu. Hiyo ndiyo nofollow. Mgeni atafika dukani kwako vilevile.

Alama hii ilitangazwa Januari 2005 na Google, Yahoo na MSN ya Microsoft kwa pamoja. Watu walikuwa wanamwaga viungo vyao kila mahali panaporuhusiwa kuandika maoni, ili wavune uzito. Mwenye tovuti alihitaji namna ya kusema: kiungo hiki kipo kwangu, lakini simdhamini mtu. Kwa muda mrefu Google ilisema wazi kwamba kiungo chenye alama hiyo hakihesabiwi.

Kilichobadilika, na ambacho kijana wa Tukuyu ama hakukijua ama hakukisema, ni tangazo la tarehe 10 Septemba 2019. Google ilisema nofollow haitakuwa tena amri, itakuwa dokezo. Inaweza kukihesabu kiungo hicho ikiona kina maana, au kukiacha. Tangu tarehe 1 Machi 2020 dokezo hilo linatumika pia kwenye kuamua kama roboti ya Google, yaani programu yake inayosoma kurasa, ipite na kuorodhesha ukurasa unaoelekezwa. Siku ileile ya Septemba zilianzishwa alama mbili mpya: sponsored kwa kiungo kilicholipiwa, na ugc kwa kiungo kilichowekwa na wasomaji wenyewe. Kwa hiyo "Google haikioni kabisa" ni maneno ya mwaka 2005.

Tutapima kwa vigezo vipi

Natumia vinne, kisha nasema kinamfaa nani. Cha kwanza ni *nafasi*: je, kiungo kinakusogeza juu kwenye matokeo? Cha pili ni *wageni*: je, watu wenye mwili na pochi wanapita hapo kuja kwako? Naviweka mbalimbali makusudi, maana wengi wanavichanganya, na mama wa Tukuyu karibu atoe laki mbili na nusu kwa sababu ya mchanganyiko huo. Cha tatu ni *gharama*, ya fedha na ya jasho. Cha nne ni *hatari*.

Kabla ya kulinganisha, jifunze kuangalia mwenyewe. Kwenye kompyuta bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kukagua, na msimbo wake utatokea. Kwenye simu ya Android ukiwa na Chrome, andika view-source: mbele ya anwani ya ukurasa, bila nafasi katikati, kisha tafuta jina la tovuti yako. Ukikuta rel="nofollow", rel="sponsored" au rel="ugc", kiungo kina alama. Usipokuta kitu, ni cha kawaida.

Kuna mtego mmoja. Utakutana na rel="noopener noreferrer", na kwa kuwa inaanza na "no" watu wanashtuka. Noopener ni ya usalama wa kivinjari. Noreferrer inaficha mgeni ametoka tovuti gani, kwa hiyo kwenye takwimu zako ataonekana kama aliyeandika anwani yako moja kwa moja. Hakuna hata moja inayozuia uzito. Nimemwona mwenye hoteli akimlaumu mwenzake kwa kumnyima kiungo, kumbe alishapewa kizima, ni programu ya tovuti iliyoongeza neno lenyewe.

Kiungo cha kawaida, kilichotolewa kwa hiari

*Nafasi.* Hiki ndicho chenye nguvu iliyo wazi zaidi, lakini nguvu hiyo si sawa kila mahali. Inategemea ukurasa unaokuelekeza una uzito gani, una viungo vingine vingapi, na unahusu nini. Kiungo kimoja kutoka kwenye ukurasa wa chuo unaozungumzia kilimo cha kahawa kinamfaa mkulima wa Mbozi kuliko viungo ishirini kutoka kurasa za mapishi. Maneno yaliyobeba kiungo nayo yanasaidia: "nyumba ya wageni Tukuyu" inaieleza Google na msomaji jambo ambalo "bonyeza hapa" halielezi.

Hata hivyo tusikitukuze kupita kiasi. Mwaka 2023 Gary Illyes wa Google alisema hadharani kwamba viungo havimo tena kwenye vigezo vitatu vya juu vya kupanga matokeo. Hapa kwetu naona jambo hilo kwa macho. Kurasa za Kiswahili zinazoeleza vizuri habari za mikoa yetu bado ni chache, na ukurasa uliojibu swali la mtu sawasawa hupanda hata ukiwa na wadhamini wawili tu. Anayeshindana kwa Kiingereza kwa maneno kama "safari Ruaha" yuko kwenye uwanja mwingine kabisa. Kule wadhamini wanahitajika.

*Wageni.* Wanategemea ukurasa. Kiungo cha kawaida kwenye ukurasa usiosomwa na mtu hakileti mgeni hata mmoja.

*Gharama.* Fedha kidogo, jasho jingi. Mtu hakupi kiungo kwa kuwa unakitaka. Anakupa kwa kuwa una kitu kinachomsaidia msomaji wake. Jamaa wa Iringa alikuwa na ukurasa mmoja wa korongo la Isimila uliosema "karibuni tuone nguzo za asili za kuvutia". Nani aelekeze watu hapo? Tulikwenda wenyewe, ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Tukapiga picha mahali pa kugeukia, tukaandika viatu gani vinashika kwenye vumbi la kushukia korongoni, saa ipi kivuli kinaangukia kati ya nguzo na jua linaacha kuunguza, mtoto wa umri gani atachoka, na zile zana za mawe za kale zinaonekana wapi kabla hujashuka. Ukurasa ule ndio uliopata viungo bila kuombwa. Ule wa zamani ulikaa miaka bila hata kimoja.

Muuza miche wa Njombe anaweza kufanya vivyo hivyo: aandike tofauti ya parachichi za Hass na za Fuerte kwa mkulima anayeanza, shimo la kupandia linaandaliwaje, baridi ya Juni inafanya nini kwa mche mchanga. Mtu anayeshika jembe kila siku anayo maarifa ambayo waandishi wa mjini wanayatafuta.

*Hatari.* Ndogo sana. Angalia tu mchezo wa nipe nikupe. Jirani kumwelekeza jirani ni kawaida, hoteli ya Matema na mwendesha boti wa Matema wana sababu ya kuelekezana. Lakini kubadilishana viungo kwa wingi ili kupandishana tu, Google inakuhesabu kama ulaghai.

*Kinamfaa* mwenye subira ya miezi, mwenye jambo analolijua kweli, na anayeweza kuandika au kumlipa mtu aandike.

Kiungo chenye nofollow au ugc

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa pande zote mbili: wapo wanaokidharau, na wapo wanaokiuza kama dawa.

*Nafasi.* Google ndiyo inayoamua, kiungo kwa kiungo, na haitoi orodha ya ilivyovihesabu. Anayekuambia kiungo fulani cha nofollow hakika kimekupandisha, au hakika hakikusaidia kitu, anazungumza zaidi ya anachoweza kuthibitisha. Kama mpango wako mzima ni kupanda kwenye matokeo, usiujenge juu ya dokezo. Lakini kuna njia ya kuzunguka, na ni ya kweli. Viungo vya Wikipedia vina nofollow; ile ya Kiingereza iliiweka kwa viungo vyote vya nje tangu Januari 2007. Mwandishi anayetafuta habari za Kimondo cha Mbozi anaanzia huko, anafuata marejeo, anafika kwako, kisha kwenye makala yake anaweka kiungo cha kawaida. Kidole kimemleta mdhamini.

*Wageni.* Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Viungo vya nje vya Facebook na vya maelezo ya video za YouTube vina alama, na huko ndiko watu waliko. Mama wa Tukuyu alipokuwa ananisimulia habari za kiungo chake mfu, nilimwomba simu. Kwenye WhatsApp, chini ya ujumbe wa kanisani na wa kikoba, kulikuwa na mtu anauliza kwa Kiingereza cha taratibu kama chumba chenye dirisha la kuelekea migombani kipo wazi. Dirisha lile limetajwa sehemu moja tu duniani, kwenye ukurasa wa yule msafiri. Juu yake kulikuwa na mwingine, alishalala na kuondoka.

"Huyu alikupataje mama?"

"Alisema amesoma."

"Amesoma wapi?"

Akanyamaza kidogo, akatabasamu. Kiungo mfu kilikuwa kimeshamletea wageni wawili.

Kuhusu WhatsApp yenyewe, kwa kuwa huko ndiko sisi tunakotumiana kila kitu: kiungo ulichotuma kwenye kundi hakina alama wala uzito, kwa sababu roboti ya Google haiingii kwenye mazungumzo ya watu. Kinaleta wageni moja kwa moja, na kwa biashara nyingi za hapa kinaleta wengi kuliko kingine chochote. Kihesabu kwenye wageni, usikihesabu kwenye nafasi.

*Gharama.* Ndogo. Muda wa kujibu swali la mtu vizuri, picha nzuri, maelezo kamili kwenye kurasa zako za kijamii.

*Hatari.* Kwa upande wa nafasi, hakuna ya kukunyima usingizi. Ila usiende kujichomekea kwenye Wikipedia: wahariri wataondoa, na wakiona unarudia wataizuia anwani yako isiwekwe tena hata na mtu mwema.

*Kinamfaa* anayehitaji watu sasa kuliko nafasi baadaye: mgahawa, nyumba ya wageni, mtembeza watalii, mwenye bidhaa ya msimu.

Kiungo cha kulipia kilichowekwa alama ya sponsored

Hili ni bango la barabarani. Ukipita barabara kuu ya kwenda Tunduma unayaona mabango, na hakuna anayedhani mwenye shamba palipochimbiwa nguzo amekudhamini. Ulilipa, likawekwa, kila mtu anajua.

*Nafasi.* Usitegemee. Kanuni za Google zinaruhusu kulipia kiungo kwa ajili ya tangazo au udhamini mradi kiwe na sponsored au nofollow, na maana ya alama hiyo ni kwamba uzito haununuliwi. *Wageni* wanaweza kuwa wengi na wazuri, kama tovuti unayoilipa inasomwa na wateja wako hasa. Muulize mwenye tovuti wasomaji wake ni akina nani na wanatoka wapi. Akishindwa kujibu, bango lako litasimama porini. *Gharama* ni ya fedha, na inaisha siku mkataba unapoisha. *Hatari* ya Google haipo. Hatari ni ya mfuko wako tu.

*Kinamfaa* mwenye tukio lenye tarehe. Mfano ni wauza zana na pembejeo kuelekea Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya. Mwenye maonyesho ya Agosti hawezi kusubiri viungo vya hiari vya Desemba.

Kiungo cha kununua kimyakimya, bila alama

Hiki ndicho alichokuwa anauziwa mama. Nitakieleza kwa haki, kwa sababu wanaokinunua si wajinga. Wameona mshindani amepanda, wamechoka kusubiri, na wameonyeshwa picha ya grafu inayopanda.

*Nafasi.* Kinaweza kukupandisha, na ndiyo maana biashara hii haifi. Kiungo kimoja kilichonunuliwa kwenye ukurasa wa maana kinafanana na cha kawaida, na kuna watu wamekaa juu kwa muda kwa njia hiyo. Lakini viungo mia tano kwa laki mbili na nusu ni shilingi mia tano kimoja. Jiulize ni mdhamini gani mwenye heshima anayesaini kwa shilingi mia tano.

*Wageni.* Kwa vile vya bei rahisi, sifuri. Mteja mmoja wa Mafinga alinunua furushi la namna hii kabla hatujafahamiana, akaniletea orodha aliyopewa na muuzaji. Tulifungua kimoja baada ya kingine. Wa kwanza ukurasa wa kamari. Wa pili lugha ambayo sote wawili hatukuitambua. Wa tatu haukufunguka. Wa saba jina la biashara yake ya mbao lilikuwa katikati ya sentensi ya kuuza vidonge, limekatwa herufi ya mwisho. Alifunga kompyuta kabla hatujafika ishirini.

*Gharama.* Fedha ya leo, na huenda fedha nyingine kesho ya kusafisha.

*Hatari.* Hapa ndipo kinapotofautiana na wenzake wote. Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ya kushusha tovuti zenye viungo vya ulaghai. Mwaka 2016 Penguin iliingizwa kwenye mfumo wenyewe na kufanya kazi muda wote. Desemba 2022 ikaongeza mfumo wa SpamBrain kuvitambua viungo vya kununua na kuviondolea nguvu. Mara nyingi siku hizi matokeo si adhabu bali ni kufutika: viungo havihesabiwi, hela imekwenda, hujapanda. Lakini adhabu ya mkono bado ipo. Mfanyakazi wa Google anaikagua tovuti, ujumbe unakuja kwenye Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na unaweza kutoweka kwenye matokeo mpaka usafishe na kuomba upya.

*Kinamfaa nani?* Mtu mwenye tovuti asiyojali ikifutwa kesho, anayejua hasa ananunua nini na wapi. Mwenye nyumba ya wageni yenye jina la familia mlangoni, mimi siwezi kumwekea mkono begani nikamwambia anunue.

Ukiwa wewe ndiye unayetoa kiungo

Kwa kifupi. Unayemwamini, mpe cha kawaida. Aliyekulipa, mwekee sponsored. Waliyoandika wageni kwenye ukurasa wako, ugc. Usiyetaka kumdhamini lakini unalazimika kumtaja, nofollow.

Wapo wanaoweka nofollow kwa kila mtu wakidhani uzito utabaki nyumbani. Zamani hesabu ilikuwa hivyo: ukurasa wenye viungo kumi, vitano vikiwa na alama, vile vitano vingine viligawana uzito wote. Mwaka 2009 Matt Cutts wa Google alieleza kwamba hesabu imebadilika. Fungu la kiungo chenye alama linapotea, haliongezwi kwa wenzake. Kwa hiyo kumnyima jirani yako wa Rungwe hakukuongezei kitu, na kuweka nofollow kwenye viungo vya kurasa zako mwenyewe ni kumwaga maji yako chini. Na ukitaka ukurasa usionekane Google, nofollow si kazi yake. Hiyo ni kazi ya alama nyingine, noindex.

Sasa, wewe uko hali gani?

Kama una chumba cha kupangisha au mgahawa, au wewe ni fundi wa simu, na wateja wako wako mtaa huohuo, weka biashara yako kwenye ramani za Google kwanza, na saa za kufungua ziwe za kweli. Matokeo ya karibu yanaangalia umbali, ulinganifu na umaarufu wako. Viungo vya mitandao ya kijamii, hata vyenye alama, vitatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kama unauza kwa watu wa mbali, kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi, safari za Ruaha, gawanya nguvu zako. Sehemu kubwa iende kwenye kurasa mbili tatu zinazostahili kiungo cha kawaida, na inayobaki kwenye maeneo yenye nofollow wanakokaa wanunuzi wako. Kundi hili ndilo linalohitaji vyote viwili, na ndilo linalokata tamaa mapema kuliko yote.

Kama una tarehe mbele yako, maonyesho au msimu wa kuuza miche, lipia bango, liwekewe sponsored, na lielekee kwenye ukurasa wa bidhaa ile hasa, usimtupe mtu kwenye ukurasa wa mbele aanze kutafuta.

Kama umepewa kiungo cha nofollow na mtu aliyekusifu kwa moyo, mshukuru. Usimwandikie umwombe aondoe alama. Tovuti nyingi huiweka kwa viungo vyote, wala si kwa kukudharau wewe. Mama wa Tukuyu alimtumia yule msafiri picha ya migomba ikiwa imechanua, na laki mbili na nusu yake ikaenda kwa mpiga picha na kwenye ukurasa mpya wa njia ya Ngozi, kwa Kiswahili na Kiingereza, wenye maelezo ya tope la Aprili na fimbo ya kushikia.

Na kama ulishanunua furushi, ingia Search Console uangalie kama kuna ujumbe wa adhabu ya viungo. Kama haupo, acha, usiongeze vingine, na usikimbilie kifaa cha kukana viungo, yaani kuiambia Google isivihesabu, ambacho ilikitoa mwaka 2012. Wenyewe wanasema tovuti nyingi hazikihitaji, na ukikitumia vibaya utakata hata wadhamini wako wazuri. Kama ujumbe upo, mtafute muuzaji avitoe, andika kila ulichofanya na tarehe zake, vinavyobaki vikane, kisha omba ukaguzi upya.